Wagika, Wagalu na Tara 21

Kwetu Mkula, nyumba moja inaweza kuwa na Mgika na Mgalu. Babu alikuwa Mgika. Bibi alizaliwa kwa Wagalu. Hayo si makabila, ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, vilivyoanzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kuona dawa ya nani inavuta watu zaidi. Mpaka leo, baada ya mavuno, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyezungukwa na umati mkubwa.

Nasoma uzamili katika masomo ya dini, na muhula huu nimekaa sana na Tara, ambaye Wabudha wa Tibet humwomba awaokoe katika hofu. Tara ana sura 21, na hata hizo hazichorwi namna moja. Katika mapokeo ya Atisha, mwalimu kutoka Bengal aliyefika Tibet mwaka 1042, akina Tara hao wanafanana, wakitofautiana hasa kwa rangi. Katika mapokeo ya Suryagupta, kila mmoja ana mkao wake na vitu vyake mikononi. Mantra nazo, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, hutofautiana. Tara wa Kijani, ambaye msaada wake ni wa haraka, huitwa kwa maneno machache. Kwa Tara Mweupe, katikati ya maneno yaleyale huongezwa ombi la maisha marefu, wema na hekima.

Darasani mtu aliuliza: ipi ndiyo ya asili? Nilipomsimulia bibi kwa simu, yeye aliuliza jingine: "Mjukuu wangu, na huyo alipewa na nani?"

Swali lake ndilo jibu. Mtibet haanzi na kitabu. Hupewa idhini na mwalimu, ambaye naye alipewa na mwalimu wake, na anachopokea ni Tara kama alivyomfikia mtu fulani, si juu yake kumsahihisha. Wanafunzi wa walimu wawili watakuwa na Tara wawili, wote halali. Vivyo hivyo, mtu hakuwa Mgika kwa kupenda ngoma tu. Alichanjwa chale na kutiwa dawa, na mkono uliomchanja ulikuwa na mwalimu wake. Nyumbani hawakubishana nani ni wa asili. Walibishana nani ana nguvu, na ubishi huo ulizilisha ngoma zote mbili.

Lakini wingi una ukatili wake. Babu alifariki watoto wake wakiwa watu wa kanisa, na hakuna aliyeomba kupokea alichokuwa nacho. Wagika bado wanacheza, ngoma za Wasukuma zimehifadhiwa Bujora, karibu na Mwanza, na hakuna atakayesema Ugika umekufa. Uliokufa ni ule uliopita mikononi mwa babu, na kwa kuwa njia nyingine zipo, hakuna aliyesikia ukikatika.

Mimi nimebatizwa, sitachanjwa. Bibi naye ni wa kwaya, ila akibangua karanga huimba za Wagalu. Likizo hii nitaziandika. Juu ya kila wimbo, kabla ya maneno yenyewe, nitaandika jina la aliyemfundisha.