Maneno Mazito ya Kiingereza

Siku hizi nyumba nyingi za ndugu zetu hazikosi kijana mmoja aliyekwisha pata shahada ya kwanza na ambaye nia yake ni kuvuka bahari akaongeze elimu. Katika nyumba yetu sisi kijana huyo alikuwa binti yetu wa pili. Alitaka kusomea mambo ya maji, kwani visima vya mtaa wetu vimeingia chumvi tangu yeye akiwa mdogo, naye aliona kwamba watu wake wana haja ya mtu ajuaye dawa ya jambo hilo. Idara aliyoikusudia kule Marekani ilimtaka alete matokeo ya mtihani uitwao GRE. Hesabu hazikumtisha. Lililomtisha ni maneno ya Kiingereza, yale mazito ambayo hata Mwingereza mwenyewe hayatumii akienda sokoni.

Yafaa tueleze mtihani huu ni kitu gani, maana wazazi wengi hulipa ada yake bila ya kujua. Ulianza mwaka 1936 kwa juhudi ya wakfu wa Carnegie pamoja na vyuo vinne vya Marekani, navyo ni Harvard, Yale, Princeton na Columbia; baadaye ukawa mikononi mwa shirika la ETS, lililoanzishwa mwaka 1947. Zamani mwanafunzi aliweza kuulizwa kinyume cha neno tupu, lisilo na sentensi. Maswali ya namna hiyo yaliondolewa mwaka 2011. Sasa neno huulizwa likiwa mahali pake: sentensi huachwa na pengo, pengine mapengo matatu, na mwenye kukosea pengo moja hupoteza swali zima. Pengine hutolewa maneno sita, na mwanafunzi achague mawili yatakayoipa sentensi maana ile ile. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, wachukua muda wa chini kidogo ya saa mbili, na maswali ya lugha ni 27 kwa dakika 41. Alama ya chini ni 130 na ya juu ni 170.

Binti yetu alinunua kitabu chenye orodha ya maneno yapata elfu moja, akakata karatasi ngumu vipande vipande, upande mmoja neno na upande wa pili maana yake. Akaanza kwa kuhifadhi maneno 50 kila siku. Juma la kwanza halijaisha alikuwa kama mtu atekaye maji kwa pakacha. Hapo ndipo tulipomkumbusha jinsi alivyosomeshwa chuoni na maalimu wake: somo jipya kidogo, somo la jana lote, na la zamani hudurusiwa kwa zamu. Wenye kuhifadhi Kurani wamekwenda na njia hiyo karne nyingi. Mwanachuoni wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapa kitabu mwaka 1885 juu ya namna mtu asahauvyo aliyohifadhi na namna kurudia kunavyomsaidia. Na katika miaka ya 1970 Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, akatengeneza sanduku la kadi lenye vyumba, kadi uijuayo husogea mbele na uisahauyo hurudi nyuma. Maalimu wetu hakuwa na sanduku. Alikuwa na bakora na sikio kali.

Basi akapunguza maneno yakawa 15 kwa siku, na kila baada ya sala ya isha tukakaa ukumbini kumsikiliza. Bibi yake, ambaye Kiingereza chake ni cha kumuuliza daktari bei, ndiye aliyetufaa kuliko kitabu. Binti alisoma neno “capricious” akaeleza kwa Kiswahili kirefu kwamba ni mtu ambaye leo ataka hili na kesho ataka lile, bila ya sababu. Bibi akasema, “Mjukuu wangu, si kigeugeu huyo?” Neno likakaa, halikutoka tena. “Obsequious” akamwita mwenye kujipendekeza kwa wakubwa, na “parsimonious” akasema ni mkono wa birika. Twaona kijana aliyelelewa kwa Kiswahili kizuri ana hazina ambayo wenziwe hawana, ila walimu wake wengi wamemwambia aiache mlangoni.

Hata hivyo kupata neno moja la Kiswahili hakutoshi, na hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Mkono wa birika na mwekevu wote wawili hawapotezi fedha, lakini wa kwanza twamlaumu na wa pili twamsifu. Kiingereza nacho humwita mwekevu “frugal”. Mtihani huishi katika tofauti hiyo. Mathalan tulimtungia sentensi hii: ijapokuwa tajiri yule alisifiwa kwa sadaka zake za hadharani, nyumbani kwake alikuwa nani? Neno “ijapokuwa” lageuza njia, sadaka zataka kinyume chake, basi pengo lataka lawama, na mwekevu hawezi kuingia hapo. Binti alizoea kutafuta kwanza hivi viungo vidogo, ijapokuwa, kwa hiyo, seuze, kisha akajaza pengo kwa neno lake mwenyewe la Kiswahili, ndipo akatazama majibu waliyompa. Kwa maoni yetu hili lilimpa alama nyingi kuliko orodha yote.

Mizizi ya maneno nayo husaidia. Aliyesoma Kiarabu kidogo ajua kwamba kitabu, katibu na maktaba ni watoto wa baba mmoja. Vivyo hivyo katika Kilatini “loqui” ni kusema, na kutoka hapo “loquacious” ni mwenye maneno mengi na “eloquent” ni mwenye ufasaha. Lakini mizizi hudanganya. “Enervate” humfanya msomaji adhani ni kutia nguvu, kumbe ni kuziondoa. “Noisome” haina uhusiano na kelele, ni kitu kinukacho vibaya. Na yako maneno ya kila siku yenye maana mbili zinazopigana: “sanction” ni kuruhusu, na pia ni kuadhibu.

Mzee mmoja katika jamaa zetu alikuja akakuta kadi zimetandazwa mkekani, akauliza twamjaza mtoto maneno ya watu kwa faida gani. Hatukumjibu kwa hoja. Tulimwonyesha kadi mbili, “zenith” na “nadir”, ambazo Wazungu walizipata katika vitabu vya nyota vya Waarabu. “Nadir” ni ndugu wa nadharia na mandhari yetu, wala si ndugu wa nadra kama sikio linavyodhani. Tukaongeza kwamba “cipher” ni sifuri, kwamba “tariff” na taarifa ni kitu kimoja asili yake, na kwamba jina walipalo jarida, “magazine”, ni makhazin, yaani maghala, lenye mzizi mmoja na hazina. Gazeti la kwanza kujiita hivyo lilitoka London mwaka 1731. Mzee alikaa mpaka saa nne ya usiku.

Jambo moja wazazi walijue kabla ya kutoa hata senti. Tangu mwaka 2020 idara nyingi za vyuo vya Marekani zimeacha kuutaka mtihani huu, na nyingine zimeuweka wa hiari. Mwanao na aulize idara yenyewe kwa barua. Nasi hatukatai kwamba mtihani una dhuluma yake: kijana ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu hushindana na aliyekinyonya kwa mamaye, na dakika ni zile zile.

Binti yetu aliufanya Nairobi, akapata 158 upande wa lugha na 166 upande wa hesabu. Alama hizo hudumu miaka mitano. Chuo kimemkubali, majibu ya msaada wa fedha hayajafika, na bila ya huo hatuna uwezo wa kumpeleka. Kwa sasa afundisha hesabu katika skuli ya jirani, na kadi zake amempa mtoto wa ami yake, ambaye amefika herufi ya M.