Nilichojifunza siku nilipofuta hesabu za magunia 412

Leo sitazungumzia mbolea wala viwavi. Mara nyingi mkinikuta Jumamosi kwenye kibanda cha fundi simu nimeinamia kompyuta iliyofunguliwa, mnaniuliza, "Bwana shamba, na hiyo nayo ni kilimo?" Leo nawajibu. Jibu lenyewe lina hasara ndani yake, na aliyeisababisha ni mimi.

Mapenzi yangu na kompyuta yalianza nikiwa chuoni nasomea stashahada ya kilimo. Tulikuwa wengi, kompyuta chache, na mwenye zamu ya saa moja alikuwa anapoteza robo yake akisubiri mashine iwake. Nilipoajiriwa na kuletwa huku, mshahara wa mwanzo nilinunua kompyuta mpakato ya mtumba kutoka Kariakoo. Ilikuwa na kumbukumbu ya GB 2, betri imekufa, feni inanguruma kama mashine ya kukoboa. Wenzangu walinunua vitanda. Mimi nililala chini miezi mitatu, lakini nilikuwa na kompyuta na bisibisi yake ndogo.

Siku ya kwanza kuifungua mikono ilikuwa inatetemeka. Ndani nilikuta vumbi limeganda kwenye feni kama pumba. Nikalisafisha kwa brashi ya rangi, nikaongeza kumbukumbu nyingine, nikaweka mfumo wa Linux ambao ni wa bure na hauhitaji mashine yenye nguvu nyingi. Kompyuta iliyokuwa inachukua dakika kumi kuwaka ikawa inawaka kwa chini ya dakika moja. Nadhani mkulima aliyewahi kuona shamba lililokuwa na majani ya njano likibadilika kijani wiki moja baada ya kuweka urea anaijua furaha hiyo.

Huo mfumo wa Linux una historia inayotufaa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland aitwaye Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, aliwatangazia wenzake kwamba anatengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta, na akawaambia wazi kwamba anafanya hivyo kwa kujifurahisha tu. Akawaachia watu wauone ulivyotengenezwa, wausahihishe na waugawe. Leo kiini cha mfumo huo kimo ndani ya kila simu ya Android. Ukipokea pesa ya mchele wako kwenye simu ya namna hiyo, umetumia kazi iliyoanza kama mchezo wa kijana mmoja.

Na sisi Watanzania tuna historia yetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 kuingiza kompyuta nchini kukapigwa marufuku, na katazo hilo likaja kulegezwa baadaye. Kwa hiyo wazazi wetu wengi walifika utu uzima bila kuigusa. Kisha mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kikatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu ambayo maneno yake ya kubonyeza yalikuwa ya Kiswahili. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa. Lilionyesha kwamba mashine inaweza kumsikiliza mtu kwa lugha anayoiotea ndoto.

Sasa nirudi kwenye hasara yangu.

Kuna kikundi cha wakulima wa mpunga, wanachama 34, waliokuwa wanatunza mpunga wao kwenye ghala moja wakisubiri bei ipande. Waliniona nikipiga hesabu kwenye kompyuta. Nilikuwa nimetengeneza jedwali dogo la kumsaidia mtu aamue auze mpunga au aukoboe kwanza. Tuseme gunia la mpunga la kilo 100 linatoa kilo 65 za mchele. Mpunga ukiwa shilingi 900 kwa kilo, gunia ni 90,000. Mchele ukiwa 1,800, zile kilo 65 ni 117,000. Toa gharama za kukoboa, viroba na usafiri, tuseme 10,000, unabaki na 107,000. Bei hizo ni za mfano, kila mtu anaweka za siku yake. Wanakikundi walilipenda sana jedwali lile, wakaniomba niingize na kumbukumbu zao za ghala: nani kaleta magunia mangapi, tarehe gani.

Nikaingiza zote. Mhazini wao ni mama mtu mzima, namheshimu kama mama yangu. Siku namkabidhi karatasi niliyoichapisha, nikamwambia kwa kujiamini kabisa, "Mama, sasa pumzika. Daftari hili huna haja nalo tena."

Akanijibu, "Haya, mwanangu." Basi.

Wiki kadhaa baadaye, Jumamosi moja, nilitaka kujaribu toleo jipya la mfumo. Wakati wa kuliweka, programu inakuuliza kama ifute diski yote. Nilikuwa nimeliona swali hilo mara nyingi kwenye kompyuta za watu, mkono ukabonyeza ndiyo kabla kichwa hakijafikiri. Baada ya dakika kumi mfumo mpya ukawaka, mzuri, unang'aa. Ndipo nikakumbuka jedwali la ghala lilikuwa wapi. Nakala nyingine sikuwa nayo. Karatasi niliyoichapisha ilikuwa ya mwanzo, kabla magunia mengi hayajaingia.

Usiku mbili nilitumia programu za kufufua mafaili. Zilinirudishia picha chache na vipande ambavyo havikufunguka. Siku ya tatu nikaenda kwa mhazini. Bei ilikuwa imepanda, wanachama walitaka kuuza wiki ileile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, bwana shamba. Mbona umekonda?"

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliingia ndani, akatoka na daftari lilelile, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. "Sikuacha kuandika," akasema. "Sikutaka kukuvunja moyo, ulikuwa na furaha sana."

Tulihesabu ghalani magunia 412. Daftari la mama lilionyesha 398. Yaliyobaki, magunia 14, yaliletwa jioni moja mama akiwa msibani, na mimi ndiye niliyeyapokea nikaandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Yalikuwa ya wanachama watatu. Tulipowauliza, wawili walisema kila mmoja alileta sita, wa tatu akasema matano. Jumla 17.

Magunia matatu hayakuwepo. Sijui nani alikosea, na sikutaka kujua. Watu wale wanakaa jirani na wanazikana. Mwenye kazi ya kukumbuka nilikuwa mimi. Nikayalipa magunia matatu kwa bei ya siku ile, kwa awamu, kutoka kwenye mshahara. Kikundi kikauza, mambo yakaisha. Lakini kwa muda mrefu kompyuta ile sikuigusa. Nilijiambia mambo ya kompyuta ni ya watu wa Dar, mimi nirudi kwenye jembe.

Kilichonirudisha ni kazi yangu yenyewe. Sisi maafisa ugani tuna shamba darasa. Unapanda mpunga kwa nafasi ya sentimeta 20 kwa 20 upande mmoja, upande wa pili unamwaga mbegu ovyo, kisha unawaita watu waje waone. Ule upande mbaya unawekwa makusudi, kwa sababu mkulima anajifunza kwa kulinganisha. Nikajiuliza: mbona kwenye kompyuta naonyesha upande mzuri peke yake? Watu waliniona nafungua mashine, nafunga, inawaka. Hakuna aliyewahi kuniona naharibu, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba na yeye ajilinde.

Nikanunua daftari kubwa, nikaliweka pale kwa fundi simu. Ukurasa wa kwanza nikaandika: "Namna nilivyofuta hesabu za ghala." Hatua kwa hatua, kwa Kiswahili, bila kujificha. Sasa Jumamosi tunakutana watano au sita: fundi mwenyewe, mwalimu wa sekondari, kijana wa mashine ya kukoboa, binti aliyemaliza kidato cha nne anayesubiri matokeo. Sharti ni moja. Ukijifunza jambo, liandike daftarini. Ukiharibu, anza kuandika ulivyoharibu. Yule binti ameandika kurasa nyingi kuliko mimi, na mwandiko wake unasomeka.

Kutoka kwenye daftari hilo nawachagulia mambo saba yanayomfaa mkulima au mfanyabiashara, hata asiye na kompyuta:

1. Daftari kwanza, mashine baadaye. Mzigo ukipokelewa, uandikwe kwa kalamu, aliyeleta na aliyepokea wote watie sahihi. Kompyuta iwe ya kujumlisha.

2. Kama huna kompyuta, piga picha kurasa za daftari lako kila mwisho wa wiki, mtumie mtu wa nyumba nyingine unayemwamini. Lumemo ukifurika na daftari likalowa, picha ipo.

3. Mwenye kompyuta awe na nakala tatu: ndani ya kompyuta, kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, na kwenye barua pepe. Flashi iliyo kwenye mkoba mmoja na kompyuta itaibwa pamoja nayo.

4. Mara moja kwa mwezi zifungue hizo nakala uone kama zinafunguka. Mbegu unaijaribu kuota kabla hujapanda, na nakala ni hivyohivyo.

5. Ukichomeka flashi ukakuta mafolda yote yamekuwa na alama ya mshale, usikubali mtu aifute. Kuna virusi vinavyoficha mafaili tu, na mara nyingi mafaili bado yamo. Tuleteeni Jumamosi.

6. Kompyuta iliyo karibu na mashine ya kukoboa isafishwe feni kila baada ya miezi mitatu. Izime, chomoa waya, tumia brashi kavu laini. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke.

7. Kabla ya kumwachia fundi simu au kompyuta yako, toa nakala ya unavyovihitaji. Namba ya siri ya pesa usimpe mtu, hata fundi wetu, na yeye mwenyewe atakwambia hivyo.

Siku hizi mambo mengi ya shamba yanapita kwenye mashine. Kwenye sensa ya Agosti 2022 makarani waliingia uani kwetu na vishikwambi. Kujiandikisha kwa ajili ya mbolea ya ruzuku kumekuwa kwa mfumo wa kidijitali, na malipo ya mazao yanakuja kwa simu. Ukiwa na mtu mmoja kijijini anayependa vitu hivi kwa moyo wake, anayefungua na kufunga kwa kujifurahisha, usimcheke. Mwambie aandike anayojifunza. Na ukimpa hesabu zako, mwulize swali moja: nakala nyingine iko wapi?

Wiki iliyopita nilipita kwa mama mhazini. Ana simu ya kugusa siku hizi, amenunuliwa na mwanawe. Alinionyesha picha za kurasa za daftari lake, zimepangwa kwa miezi, tena anazituma kwa dada yake aliyeko Mang'ula. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema alisoma kwenye daftari letu la Jumamosi, ukurasa wa kwanza.

Karibuni Jumamosi. Mwenye swali la mpunga aje nalo pia, tunajibu yote.

Wenu bwana shamba, Lipangalala.