Je, Jalada la Kuigiza Lina Thamani Yake?

Kuna sidii zinazouzwa ghali kwa sababu moja tu: jalada lake limetengenezwa lifanane na la santuri ya zamani. Wajapani ndio mafundi wa kazi hii. Karatasi ngumu, mikunjo, hata mfuko wa ndani, vyote vinaigwa kwa udogo, vinaenea kiganjani. Muziki wenyewe uko kwenye simu. Basi hapo, ukweli usemwe, unalipia karatasi.

Mimi karatasi siidharau. Nimekulia kwenye kanda za kurekodiwa mtaani, jina la mwimbaji limeandikwa kwa kalamu, na mara nyingine limekosewa. Nani alipiga gitaa la solo? Hakuna aliyejua. Kwa hiyo jalada kwangu si urembo. Ni mahali ambapo watu waliofanya kazi wanatajwa.

Lakini si kila jalada linastahili hela. Chukua Led Zeppelin III ya mwaka 1970. Ndani ya jalada lake kuna gurudumu. Ukilizungusha, picha zinabadilika kwenye matundu. Physical Graffiti ya 1975 ina jengo la New York lenye madirisha yaliyokatwa: badilisha karatasi ya ndani, na wanaochungulia wanabadilika. Hayo hayaonekani kwenye kioo cha simu. Yanataka mkono.

Au Sticky Fingers ya Rolling Stones, 1971, wazo la Andy Warhol: suruali ya jinzi yenye zipu ya kweli. Zipu hiyo ilikuwa ikiumiza santuri, mpaka ikaamuliwa ishushwe katikati ili ikandamize lebo, si mifereji ya muziki. Nakala yenye zipu inayofunguka inakusimulia kisa hicho. Yenye picha ya zipu tu, haina la kusema.

Tatizo ni udogo. Jalada la santuri lina upande wa takriban sentimita 31. Sidii ina kipenyo cha sentimita 12. Eneo linalobaki halifiki hata moja ya tano. Majina ya wapigaji yanageuka punje za ufuta, na yale ndiyo niliyoyafuata.

Kipimo changu ni hiki: kama jalada linazunguka, linafunguka au linasomeka, nunua, ukafungue, ukachezee. Kama ni picha iliyopunguzwa na kufungwa kwa nailoni ili ipande bei, liache dukani. Hela hiyo mpelekee mwanamuziki aliye hai, anayepiga Jumamosi hii karibu na kwako.