Busanza, Jirani wa Maabara ya Mifugo

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Kigali kwenda mashariki hupita Remera, kisha huuona uwanja wa ndege wa kimataifa uliotandazwa juu ya mgongo wa Kanombe. Tarafa ya Kanombe, iliyomo katika wilaya ya Kicukiro, imegawanywa sehemu nne: Kabeza, Karama, Rubirizi na Busanza. Askari wa Rwanda wanaijua vema, kwani kambi na hospitali ya jeshi ziko huko. Busanza yenyewe ni mteremko wa udongo mwekundu, wenye migomba, vijia vinavyopanda na kushuka, na siku hizi nyumba za ghorofa zilizosimama safu kwa safu.

Nyumba hizo zina historia yake. Kati ya mwaka 2019 na 2022 zilipokea familia zilizohamishwa kutoka Kangondo na Kibiraro, karibu na Nyarutarama. Mtaa ule wa zamani ulijulikana kwa jina la utani la Bannyahe, ambalo kwa Kinyarwanda ni swali: watu huenda haja wapi? Wako waliohama shingo upande, kwa kuwa walitaka fidia ya fedha badala ya nyumba, na shauri lao likafika mahakamani. Lakini swali lililomo katika jina lile lingali na maana, maana magonjwa ya kuhara, ya watu na ya wanyama, huanzia pale uchafu unapokosa mahali pake.

RUBIRIZI, JIRANI WA KARIBU

Katika tarafa hiyo hiyo, upande wa Rubirizi, ipo maabara ya taifa ya mifugo. Huko hupelekwa damu, kinyesi na vipande vya viungo vya wanyama wagonjwa ili chanzo cha maradhi kijulikane. Kazi hiyo haina kelele, wala haionekani na apitaye barabarani. Hata hivyo riziki ya nyumba nyingi inaitegemea.

Chukua mfano wa nguruwe. Katika Rwanda, ambako ardhi ni haba na watu ni wengi, nguruwe ni akiba ya maskini. Hubeba mimba kwa muda wa miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, kisha huzaa watoto wengi kwa mara moja. Nyama yake, ambayo wenyeji wa Kigali huiita akabenzi, ina soko katika mikahawa ya mji. Mjane mwenye jike mmoja anaweza kulipia bima ya matibabu na madaftari ya watoto kwa mzao mmoja tu. Kwa hiyo mzao huo ukifa, hasara haibaki bandani bali huingia mpaka jikoni.

UGONJWA UNAOUA KWA KIU

Miongoni mwa maradhi yanayofuta mzao mzima ni kuhara kunakoletwa na virusi. Ugonjwa mmoja wa namna hiyo ulitambuliwa kwanza Uingereza mwaka 1971, na mwaka 1978 wataalamu wa Ubelgiji wakakionyesha kirusi chake, ambacho ni cha jamii ya korona. Mwaka 2010 ulizuka upya kwa ukali huko China. Mwaka 2013 uliingia Marekani, na katika muda wa kama mwaka mmoja ukaua watoto wa nguruwe wanaokadiriwa kuwa milioni saba. Ugonjwa huo haumwambukizi binadamu.

Namna unavyoua ni rahisi kueleza. Ndani ya utumbo mwembamba mna vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula na maji. Virusi huviharibu. Maziwa anayonyonya mtoto hupita moja kwa moja, mwili hukauka, na mtoto asiyetimiza wiki moja huweza kufa katika siku chache. Nguruwe mkubwa aghalabu hupona. Hakuna dawa ya kukiua kirusi hicho mwilini. Msaada ni maji, joto, na maziwa ya mama aliyekwisha kupata kinga.

Shida ni kwamba kuhara hufanana. Kunaweza kuletwa na korona, na virusi vya rota, na bakteria, au na minyoo. Mfugaji aonaye kinyesi cha majimaji hawezi kujua adui yake ni yupi, na akinunua dawa ya bakteria kutibu virusi ametupa fedha. Ndiyo maana utafiti unahitajika. Kinyesi kibichi huchukuliwa mapema kutoka kwa mnyama aliyeanza kuugua, kikatiwa katika chombo safi, kikawekwa penye baridi na kupelekwa maabara bila kuchelewa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu nguruwe wa wakulima wadogo wa Afrika Mashariki ulileta jambo la kufikirisha. Virusi vya rota vilipatikana katika nguruwe ambao hawakuonyesha dalili yoyote, na vingi kati yake vilifanana na vile vya wanadamu. Rota ndiyo ile ile ihangaishayo watoto wachanga. Rwanda ilianza kuwachanja watoto wake dhidi yake mwaka 2012, na waliolazwa hospitalini kwa sababu yake wakapungua sana. Hivyo hata yule ambaye dini yake haimruhusu kufuga nguruwe anayo sababu ya kutaka banda la jirani liwe safi.

KAZI YA NYUMBANI

Virusi hivi havina miguu. Hubebwa na viatu, magurudumu ya lori, ndoo ya kuazima, na dume anayezungushwa banda kwa banda. Kwa hiyo mfugaji mwangalifu huwa na mabuti ya mpira ya bandani peke yake, huweka mlangoni beseni la dawa ya kuua vijidudu, huondoa kinyesi kabla ya kunyunyiza dawa, na humtenga nguruwe mgeni kwa wiki kadhaa. Nchini Rwanda mbegu za madume husafirishwa pia kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na dume akikaa kwake, njia moja ya maradhi imezibwa.

Na mtoto wa mtu akiharisha, mama asingoje. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vikorogwe na anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati. Mtoto wa nguruwe naye huuawa na ukavu ule ule.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, watu wa Busanza hutoka na majembe na mafagio kama Wanyarwanda wengine, wakazibua mifereji na kufyeka majani. Rubirizi, wataalamu wanachunguza vichupa vyao. Mtaalamu humtaja adui kwa jina, lakini mwenye fagio ndiye anayemzuia mlangoni.