Kampi ya Samaki, Enzi Zile

Shule zilipofungwa, mjomba wangu aliyechuuza samaki alinichukua hadi Ziwa Baringo. Ilikuwa miaka ya tisini. Tulipanda matatu Nakuru, tukapita Mogotio kwenye mstari wa Ikweta, na tulipofika Marigat mashati yalikuwa yametugandama mgongoni. Kando ya barabara asali iliuzwa kwenye chupa za mvinyo.

Mtu akitaja bandari, wengi huwaza Mombasa au Lamu. Mimi bandari yangu ya kwanza ni Kampi ya Samaki, pale ufuoni mwa Ziwa Baringo, na ninaitetea. Huku nako wageni walifika tangu zamani: misafara ya pwani ilifika Baringo kabla ya reli. Mvumbuzi Joseph Thomson alipopumzisha msafara wake Njemps, kusini mwa ziwa, mwaka 1883, wapagazi wake walikuwa watu wa pwani. Kilichoivuta misafara huko ni chakula: wenyeji, Wailchamus, walikuwa wakichimba mifereji na kulima nafaka katikati ya nchi kame. Leo Baringo ikitajwa redioni ni ukame na wizi wa mifugo, na huniuma kwamba hatuelezwi kuwa huku ndiko wageni walikokuja kushiba.

Maji ya ziwa yalikuwa ya kahawia kwa udongo ulioletwa na mito, lakini ni maji baridi, wala si ya magadi kama ya Bogoria jirani. Mzee mmoja alituvusha kwenda kisiwa cha Ol Kokwe. Katikati ya safari alizima injini, akachomeka kijiti chepesi ndani ya samaki ili asizame, akapiga mluzi na kumrusha. Furukombe aliteremka kutoka mtini ng'ambo, akamnyakua kwa kucha mbele ya macho yetu na kupanda tena bila kulowa kifua. Kando yetu mvuvi alikuwa ameketi kwenye kaldich, chombo cha vijiti vyepesi vya aina hiyohiyo vilivyofungwa pamoja, maji yakimfikia kiunoni.

"Mjomba, kisiwa kinaungua?"

"Huo ni mvuke, mwanangu. Huu mlima ulikuwa wa moto."

Ol Kokwe ni mabaki ya volkano. Kwenye ufuo wake maji yalikuwa yakichemka kati ya mawe meusi, yakitoa povu na harufu nzito, na hatua chache kutoka hapo mbuzi walikuwa wakila majani. Mzee alinishika mkono nisikaribie zaidi.

Nilirudi baada ya ziwa kufurika mwaka 2020. Kote Bonde la Ufa maziwa yalikuwa yamepanda, hata ikahofiwa kwamba Baringo na Bogoria yangekutana na chumvi kuingia kwenye maji baridi. Hoteli na nyumba za ufuoni zilikuwa zimezama, pamoja na pale mjomba alipokuwa akipima samaki. Kijana aliyenivusha alinionyesha kwa kidole majini kulikokuwa kwao, halafu akaniambia nauli imepanda, kwa kuwa siku hizi kufika kisiwani kunakula petroli zaidi.