Hoteli ya kifahari, hatua chache kutoka kwetu

Msichana wa mapokezi alikitazama kitambulisho changu, akanitazama usoni, kisha akakitazama tena.

"Kumbe ni mtu wa huku huku," akasema, nusu akiuliza.

Nilikohoa kidogo. Kitambulisho kinasema nimezaliwa Trans Nzoia, na jina langu la ukoo halimfichi Mbukusu yeyote. Hapa ni Bungoma mjini, Ijumaa alasiri, nami nimesimama juu ya sakafu inayong'aa hata ungeweza kunyolea ndevu ukijitazama ndani yake, nikitaka chumba cha Sh7,500 kwa usiku mmoja. Kwa wazazi wangu, karibu na Kiminini, si safari ya saa mbili kwa matatu. Kwa wakwe zangu, upande wa Chwele, ni karibu zaidi.

Mhariri alikuwa amenituma nikaone hoteli hizi mpya za kifahari ambazo zimechipuka kama uyoga katikati ya miji yetu ya magharibi. Wasomaji wetu wa Nairobi wamekwisha kuzizoea zao. Norfolk iko pale tangu 1904. Hilton, ule mnara wa mviringo uliofunguliwa 1969 na ambao kila mgeni kutoka mashambani aliutumia kujua yuko upande gani wa mji, ilifunga milango mwishoni mwa 2022. Lakini hoteli ya ghorofa tano yenye lifti, zulia na mlango unaofunguliwa kwa kadi, hapa kwetu ambako tumezoea kufunga mlango kwa komeo? Hiyo ni habari. Jina lake sitalitaja, maana hawajalipia tangazo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kwetu hoteli si mahali pa kulala. Hoteli ni pale unapokunywa chai ya maziwa kwa mandazi, chini ya kibao kinachosema mkopo ni kesho. Pa kulala panaitwa lojing'i, na mtu wa heshima akionekana akitoka lojing'i katika mji wa kwao asubuhi, habari hizo zitafika nyumbani kabla yake. Ndiyo maana nilikohoa.

Chumba kilikuwa orofa ya nne. Ukiingia unachomeka kadi ukutani, na taa zote zinawaka kwa pamoja kana kwamba zilikuwa zikikungoja. Kitanda kilikuwa kipana kiasi cha kulaza watoto watano bila ugomvi. Juu yake, taulo mbili zilizokunjwa zikafanana na mabata maji wanaobusiana. Birika la umeme, kabati, na ndani ya kabati kasha la chuma la kufungia mali. Niliweka humo nauli yangu ya kurudi Nairobi, kwa sababu sikuwa na mali nyingine.

Nikafungua dirisha. Chini yangu palikuwa na mabati ya maduka, yenye kutu na yasiyo na kutu, kisha kituo cha magari ambako makondakta walishindana, Chwele, Kimilili, Webuye, Mumias. Mhubiri na kipaza sauti chake alishindana nao wote. Bodaboda zilipita kila upande zikipiga honi, na hilo si ajabu, kwa sababu biashara hiyo ilizaliwa kwenye mpaka wetu na Uganda, enzi za baiskeli zilizofungwa mto wa kukalia. Wapo wanaosema jina Bungoma latokana na ngoma, na wapo wanaosema latokana na Wabong'omek waliokaa hapa zamani. Jioni ile mimi nilikuwa upande wa ngoma. Kisha nikalifunga dirisha, ambalo lina vioo viwili, na mji wote ukanyamaza mara moja. Nadhani zile Sh7,500 zinalipia hasa jambo hilo.

Usiku nilishuka kula. Kuku wa kienyeji kwa ugali wa wimbi, sahani kubwa na chakula kidogo katikati yake. Mhudumu, kijana mwenye shati jeupe na tai nyekundu, alikuwa mtu wa maneno, na mimi kazi yangu ni kuwasikiliza watu wa maneno. Nikamwuliza watalii hutoka wapi.

"Watalii gani, mkubwa?" akacheka. "Wazungu tunawaona mara moja moja, wakienda Mlima Elgon. Wanaojaza hapa ni watu wa warsha za serikali ya kaunti, na wenyeji."

Warsha nilizielewa. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka wa 2013, hakuna mpango unaoweza kupangwa bila mkutano, wala mkutano bila chai ya saa nne. Lakini wenyeji?

"Wenyeji wenyewe. Sherehe za Madaraka za 2024 zilipokuja hapa Kanduyi, wageni walikosa vyumba, hiyo najua kila mtu aliona. Lakini njoo Desemba. Njoo kukiwa na mazishi makubwa. Njoo Agosti ya mwaka wa tohara. Hakuna chumba! Na ukiangalia kitabu cha wageni, ni watu wa Bumula, Kimilili, Sirisia. Kwao ni hapo tu."

Mwaka wa tohara kwa Wabukusu ni ule unaogawanyika kwa mbili, kama 2022 na 2024. Mwezi wa Agosti wavulana hupigiwa njuga, jamaa waishio Nairobi, Mombasa na ng'ambo hurudi, na boma lililojengwa kwa ajili ya watu 10 hujikuta na watu 60.

Hata hivyo, si nafasi peke yake. Msomaji asiyetoka kwetu huenda asijue hili. Kwa mila zetu kijana akishatahiriwa hatalala tena ndani ya nyumba ya baba yake. Hujengewa au hujijengea simba, nyumba yake ndogo uani. Akioa anatakiwa kuwa na nyumba yake na jiko lake. Aliyeoa na hajajenga, akija nyumbani na mkewe, hana pa kuweka kichwa. Na ukweni ndiko kugumu zaidi. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono, hawali meza moja, na kulala chini ya paa moja ni mwiko ambao hata walokole wengi hawauchezei. Zamani mkwe alipelekwa kwa jirani. Siku hizi jirani naye ana wakwe zake.

Ndipo nilipoelewa nilikuwa nimekaa mahali gani. Tulikuwa katika jengo la watu ambao kwao ni karibu sana lakini hawana pa kulala huko. Nilitazama meza zilizonizunguka, wanaume wa rika langu wenye tumbo kidogo na simu mbili mbili, nikajiuliza ni wangapi kati yao wana kiwanja nyumbani ambacho bado kina mahindi.

Mimi ninacho. Kina mahindi.

Sasa nieleze kisa cha lifti, ingawa mke wangu ameniomba nisikieleze. Sikuwa nimekuja Bungoma kwa ajili ya mhariri peke yake. Jumamosi ile shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa akiolewa. Mke wangu alilala kwao Chwele tangu Jumatano, na mimi mkwe nikalala hotelini, kila kitu kwa taratibu zake. Nisichojua ni kwamba kaka yao mkubwa, ambaye anafanya kazi Qatar, alikuwa ameamua kwamba mama yake atalala pahali pazuri usiku wa kuamkia harusi ya kitinda mimba wake. Akamlipia chumba. Katika hoteli ile ile.

Saa moja asubuhi nilibonyeza kitufe cha lifti nikiwa nimevaa suti, soksi zikiwa zinalingana. Mlango ukafunguka. Ndani alisimama mama mkwe wangu, amejifunga leso mpya, mkoba kifuani, peke yake, akitazama zile namba zinazowaka kama mtu anayesoma hati ya mashtaka.

Tulitazamana. Chumba kile cha chuma si kikubwa kuliko choo cha nje. Yeye akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa kioo. Mimi nikarudi nyuma mpaka nikagonga chungu cha maua. Hakuna aliyesema "mulembe". Sijui ni sekunde ngapi, mlango ukajifunga wenyewe, na lifti ikampeleka. Kwa bahati mbaya ilikuwa ikipanda.

Nilishuka ngazi, orofa zote nne, mbio. Kanisani tulikaa mbali kama kawaida, lakini niliona mabega yake yakitikisika wakati wa mahubiri, na mahubiri hayakuwa ya kuchekesha. Harusi yenyewe ilipendeza. Wali ulitosha, mvua ilingoja mpaka keki ilipokatwa.

Jumapili nilishika njia ya Kitale, kwa Webuye na Misikhu na Kamukuywa, mlima Elgon upande wa kushoto umejifunika wingu. Kiminini nikashuka kuwaamkia wazazi. Mama akauliza kama nitakula, nikala. Baba akauliza nitalala wapi. Nikasema Kitale mjini, ni mambo ya kazi. Baba alivaa koti lake, akasema naye ana shughuli Kitale. Jumapili jioni ana shughuli gani?

Hoteli ya Kitale ni ya ukoo mmoja na ile ya Bungoma, ila hewa ni baridi zaidi na wateja ni wa aina nyingine kidogo. Hapa ni lango la Turkana. Mashirika ya misaada yamepita hapa miaka mingi, na tangu mafuta yalipogunduliwa Turkana mwaka wa 2012 wakapita pia watu wa buti na kofia ngumu. Tena kuna watu wa mahindi na mbegu. Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka wa 1956, na kwa mkulima wa huku jina hilo ni kama la jamaa.

Baba alikaa kwenye sofa la mapokezi, kofia gotini, akaagiza chai. Alipoonyeshwa bei ya chai aliisoma mara mbili.

"Babu yako alifanya kazi hotelini hapa Kitale," akasema. "Hoteli ya Wazungu. Alikuwa jikoni. Aliingia kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa nyuma. Hakuwahi kuona vyumba vya juu."

Nilijua habari hizo, lakini hakuwahi kunieleza ndani ya hoteli. Kitale ulikuwa mji wa walowezi. Reli iliufikia mwaka wa 1926, mashamba yote mazuri yakawa yao, na hoteli zao hazikumpokea Mwafrika wala Mhindi kama mgeni. Mzee Jomo Kenyatta na wenzake waliposhtakiwa Kapenguria, kuanzia Desemba 1952 mpaka hukumu ya Aprili 8, 1953, Kapenguria hapakuwa na hoteli hata moja. Ilibidi mawakili wakae Kitale na kusafiri kila siku takriban kilomita 40 kwenda mahakamani. Kiongozi wa utetezi, D. N. Pritt, alikuwa Mwingereza. Lakini pamoja naye walikuwamo Achhroo Kapila na Fitz de Souza, wenye asili ya Kihindi na Goa, na H. O. Davies kutoka Nigeria. Hebu fikiria, msomaji, mawakili wa kesi moja wakiagana jioni katika mji ambamo rangi ndiyo iliyoamua nani alale wapi.

"Nataka kukiona chumba," Baba akasema.

Tulipanda kwa lifti. Baba na mwana hakuna mwiko wa lifti, nafikiri. Chumbani alibonyeza kitanda kwa kiganja kama anayepima ng'ombe sokoni. Akafungua bomba la maji moto, akalifunga. Akasimama dirishani muda mrefu akitazama mji unavyowasha taa.

Vitanda vilikuwa viwili. Nikamwambia, Baba, giza limeingia, lala hapa, nimekwisha kulipa.

Alinigeukia kana kwamba nimetukana. "Nilale chumba kimoja na mwanangu aliyeoa?" Kisha akatabasamu kidogo. "Umelipa ngapi?"

Nikamwambia. Alihesabu kwa midomo.

"Hayo ni mabati saba," akasema. "Na Bungoma umelala?"

"Usiku mbili."

"Kila ukija huku unajengea mtu mwingine nyumba."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Nilitaka kumweleza kwamba chumba cha Kitale kimelipwa na gazeti, kwamba kodi ya nyumba Nairobi haingoji, kwamba watoto wako shuleni. Hayo yote anayajua. Alikuwa ameingia bafuni. Nilisikia karatasi ikichakarika, kisha akatoka na vile visabuni viwili vidogo vya hoteli, akavitia mfukoni mwa koti.

"Vya mama yako," akasema.

Nilimsindikiza mpaka kituoni. Matatu ya mwisho ya Kiminini ilikuwa imebakisha kiti kimoja cha nyuma, akajipenyeza humo na kofia yake. Gari lilipoanza kuondoka alichungulia dirishani.

"Yale mahindi ya kiwanjani kwako," akaniambia, "tunavuna Oktoba. Baada ya hapo sipandi tena."