Siku Moja katika Bustani ya Entebbe

Mwili haujengwi kwa mbao. Mimi, baada ya miezi mitano ya zamu za usiku, nilikuwa nimeusahau usemi huo. Nyumbani, mazungumzo ya watoto yalikatika kila waliposikia viatu vyangu mlangoni. Jioni moja nilimkemea mwanangu vikali kwa ajili ya kikombe kilichovunjika. Mke wangu akaniambia kwa upole, "Baba Juma, hapa si kituoni."

Maneno hayo yalinichoma. Nilipopata ruhusa ya siku mbili, tuliondoka Kampala asubuhi kwa teksi, tukasafiri kilomita zipatazo 40 kuelekea kusini hadi Entebbe.

Jina la mji huo lenyewe ni funzo. Kwa Kiganda, "entebe" ni kiti. Masimulizi ya kale husema kwamba Mugula, mkuu wa ukoo wa Mamba, yaani kamongo, alikuwa akiketi hapo juu ya viti vya mwamba ili kuamua mashauri ya watu. Kumbe hata mwenye kubeba mizigo ya wengine alihitaji mahali pa kukaa.

Bustani ya mimea ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898, ili kujaribia mimea iliyoletwa kutoka nchi za mbali. Inateremka polepole hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria. Ingawa Ikweta iko karibu, upepo wa ziwa na kimo cha zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari hupunguza joto. Juu ya miti mikubwa huonekana mbega, weusi kwa weupe, wakiruka kutoka tawi hadi tawi.

Tulilipa kiingilio, tukatandika mkeka kivulini, tukafungua mihogo ya kuchemsha na chupa ya chai. Juma alikaa upande wa mama yake. Baadaye alinijia na mbegu mkononi, akauliza ni ya mti gani. Sikujua. Tukaenda pamoja kuutafuta mti huo, naye akawa anauliza hili na lile njia nzima. Nilitambua kuwa kwa muda mrefu hakuwa ameniuliza neno lolote.

Mzazi atakayekwenda huko asiwaruhusu watoto kuchezea maji penye matete, kwani konokono wa majini hueneza kichocho. Tena, abebe chakula chake ili kupunguza gharama.

Wiki iliyofuata nilirejea kutoka zamu, nikavua viatu mlangoni. Ndani, watoto waliendelea kuzungumza.

Ndugu askari mwenzangu, bunduki husafishwa na kutiwa mafuta isije ikashika kutu. Je, wewe unayeishika, ulipumzika lini?